Simba wa Mgongoni mwa Sempele

"Geuka," alisema Inspekta Cleopa Mbwambo.

Sempele akageuka, akaliachia lubega lake likateremka hadi kiunoni, na kwa mara nyingine tena asubuhi ile Inspekta akabaki ana kwa ana na yule simba. Kama kweli alikuwa simba. Manyoya ya shingo yalikuwa yamejiviringa kama nywele za bibi harusi, macho yamemtoka pima, na alikuwa amekaa katikati ya maua makubwa ambayo hayaoti Kilosa wala mahali pengine popote Inspekta alipowahi kupelekwa kikazi. Mchoro wote ulikuwa wa wino mweusi uliopenyezwa ndani ya ngozi kwa sindano, toka mabegani hadi kiunoni. Maua ya kushoto yalikwisha kutiwa kivuli. Ya kulia yalikuwa mistari mitupu.

"Huyu ni simba?"

"Mzee Kasiani alisema ni simba," alijibu Sempele bila kugeuza kichwa. "Mimi nilimwambia simba hana uso huo. Nimewaona simba. Akasema Wajapani wa zamani hawakuwahi kumwona, walisimuliwa tu."

"Na wewe ukakubali kuchorwa mnyama wa kusimuliwa."

"Kazi yake ilikuwa nzuri, afande. Nilimpelekea maziwa tangu alipoanza kuumwa, yeye akanichora."

Inspekta alilifunga jalada la kesi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kituo kizima cha Kilosa kilikuwa kimetoka kwenda kusimamia Operesheni, watu wahamie vijiji vya Ujamaa na makazi ya zamani yabomolewe, na yeye, mpelelezi wa miaka mingi, alikuwa ameachwa na kesi ya kitabu cha picha. Mkuu wa kituo alimwambia jambo moja tu kabla hajapanda gari: "Wewe Mpare, kesi ni chakula chako. Maliza leo."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Kasiani wa Kisanga alikuwa baharia ujana wake. Meli ilimwacha Yokohama akiwa mgonjwa, akakaa huko miaka, akajifunza kwa fundi mmoja wa Kijapani kazi ya kuchora miili ya watu kwa mkono, kwa sindano zilizofungwa kwenye kijiti cha mwanzi. Alirudi nyumbani na sanduku la vitabu vitatu vya michoro ya mafundi wa zamani wa kule: majoka, samaki wanaopanda maporomoko ya maji, mashujaa waliochorwa mwili mzima kama waliovaa nguo. Madereva wa malori ya Zambia walikuwa wakiiacha barabara kuu Mikumi kumfuata Kisanga wachorwe mikono. Mwezi uliopita alifariki kwa kifua. Alipokwisha kuzikwa, kitabu kikubwa kuliko vyote, chenye jalada la kitambaa cha buluu, hakikuonekana. Mdogo wake, Danieli, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji, akaja mwenyewe kituoni kutoa taarifa. Kwa Sempele kilikutwa kile kijiti cha sindano, ambacho yeye alisema alipewa na mzee mwenyewe. Kitabu hakikukutwa.

Jioni ile karandinga lilikuwa linapeleka mahabusu Morogoro, na jina la Sempele lilikuwamo. Mtu akishaingia Morogoro, siku ya kesi yake anaijua Mungu. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Sempele alikuwa amelirudia mpaka Inspekta akachoka kulisikia: boma lake lilikuwa ndani ya eneo linalohamishwa kesho, baba yake Parit ni kipofu, mkewe Nashipai ana mtoto mchanga, na kamati ya kijiji ilikwisha kutangaza kwamba mifugo isiyo na mwanamume wa kuisimamia itaingizwa katika zizi la kijiji. Ng'ombe wakiingia zizi la kijiji, nani amewahi kuwaona wakitoka?

"Vaa," Inspekta alimwambia. "Tunakwenda Mikumi. Kitabu cha namna hiyo hakiuzwi gulioni pamoja na nyanya. Mnunuzi ni mmoja tu, na nitakuweka mbele yake nione mnavyotazamana."

Konstebo Makarius alimfunga Sempele pingu, akatia ufunguo katika mfuko wa shati, akaenda kuwasha Land Rover. Alikuwa kijana mtulivu wa huko huko milimani Kisanga, mwimbaji wa kwaya ya Kanisa la Anglikana, mwandiko mzuri, hana ulevi. Inspekta hakuwa na malalamiko juu yake. Hayo yalikuja baadaye.

Njia ya Mikumi ilikuwa mashimo na vumbi, na tairi moja lilipasuka kabla hawajafika kijiji cha Ulaya. Walipokuwa wakilibadilisha, Sempele ndiye aliyeinua gari kwa jeki, mikono ikiwa ndani ya pingu, kwa sababu Makarius alishindwa.

Bwana Lund alikuwa Mdenmaki, fundi wa mashine za maji katika hoteli ya mbugani. Naye aliwahi kuwa baharia, na mikono yake ilikuwa na ushahidi: nanga moja, ndege wawili, na joka la rangi ya buluu lililopotelea ndani ya shati. Mikumi nzima ilijua kwamba anakusanya vitabu vya michoro ya mwilini kama watu wengine wanavyokusanya stempu. Inspekta aliingia sebuleni kwake, akaona juu ya meza vitabu viwili vikubwa vya maandishi ya Kijapani, na kwa mara ya kwanza siku ile akahisi raha.

"Makarius, kuna pingu nyingine ndani ya gari?"

"Vile ni vya kahawia, afande," alisema Makarius.

"Naona. Mungu alinipa macho."

"Vya kwangu hivyo, nilinunua Kobe kabla sijaja Afrika," alisema Bwana Lund, wala hakukasirika. "Ya Kasiani ni bora mara mia. Imechapwa kwa mbao, kila rangi ubao wake. Miaka yote nilimwomba aniuzie, alinicheka tu. Alisema fundi hauzi jembe lake."

Inspekta alivifungua hivyo hivyo, kwa ukaidi, ukurasa kwa ukurasa, kwanza vikiwa juu chini, mpaka Bwana Lund alipomgeuzia. Jalada la buluu la marehemu lilikuwa limetafunwa na panya pembeni. Taarifa ya Danieli ilisema hivyo. Hivi havikuwa na hata mkwaruzo. Raha yote ikamtoka.

"Na huyu unamjua?" Akamvuta Sempele kutoka barazani.

Bwana Lund hakumtazama Sempele usoni. Lubega lilikuwa limelegea bega moja, na alichokiona pale kikamfanya aruke kutoka kwenye kiti. Alimgeuza, akalishusha lubega, akavaa miwani, akapiga magoti nyuma yake.

"Ni kazi ya mwisho ya Kasiani," alisema. "Angalia mstari huu! Unaanza mnene, unakwisha mwembamba, na mkono haukusita hata mahali pamoja. Na simba amewekwa na maua yake, kama inavyotakiwa. Hawa hawaachanishwi, simba bila maua hayo ni..."

"Bwana Lund, huyu ni mtuhumiwa, si picha ya ukutani."

"Mtuhumiwa kwa nini?"

"Kwa kuiba kitabu alichochorewa. Taarifa inasema alikitaka ili apate mtu mwingine wa kummalizia."

Mdenmaki alisimama, akavua miwani, akamtazama Inspekta kama mwalimu amtazamaye mtoto aliyeandika jibu la hesabu katika daftari la historia. "Nani alisema hivyo? Kazi ya Kijapani inaanza na mistari. Mistari yote, mgongo mzima. Fundi anatazama kitabu wakati huo tu. Mistari ikishaingia, kitabu kinarudi sandukuni, na kivuli anakitia kwa macho yake na mkono wake. Atakayemaliza kazi hii atafuata mistari. Kitabu ya nini tena? Ukurasa ndio huu." Akagonga bega la Sempele kwa kidole.

Inspekta alikuwa amemwambia mtu huyu ageuke tangu asubuhi, na jibu lilikuwa pale pale mbele ya pua yake, limekaa katikati ya maua. Mtu mwenye ukurasa mgongoni anaiba kitabu cha nini?

"Pengine alitaka kukiuza," alisema, kwa kuwa mpelelezi hawezi kuiachia nadharia yake bila kupigania. "Hakuja kwako?"

"Mgongo huu ningeusahau?" Bwana Lund alicheka. Kisha akakunja uso. "Lakini yule mama kichaa mlimuuliza?"

"Mama gani kichaa?"

"Siku ya mazishi. Nilikwenda kumzika rafiki yangu. Akatokea mama mmoja mzee amevaa koti la Kasiani na kofia yake ya ubaharia, kitabu ya buluu kichwani, anayumba kama mlevi wa melini, anamtukana maiti! Na watu wanacheka! Niliona aibu kwa niaba yao. Nilimwambia askari wako yote haya." Akamnyoshea Makarius kidole. "Yeye alikuja kuniuliza maswali wiki ile ile."

Makarius alikuwa anatazama viatu vyake.

Walifika nje ya mji, kwenye njia ya kurudi. Hapo Inspekta aliamuru gari lisimame. Akashuka, akalizunguka, akalipiga teke tairi jipya, akarudi ndani.

"Makarius."

"Afande."

"Mzungu alikwambia?"

"Aliniambia."

"Uliandika wapi? Maana mimi nimelisoma jalada hili mpaka nimelikariri, na sijaona koti, sijaona kofia, sijaona mama."

"Sikuandika, afande. Yule si kichaa. Ni Bibi Magreti, mtani wa ukoo wa marehemu. Nikaona ni mambo ya msiba."

"Mambo ya msiba!"

Si kwamba Inspekta hakujua utani. Kwao Usangi watani wapo, na alikwisha kusikia maiti wakitukanwa matusi ambayo mtu mzima hayarudii mbele ya watoto. Mtani huchimba kaburi, hufagia nyumba ya msiba, humwigiza marehemu wafiwa wacheke katikati ya machozi, na hakuna anayemkasirikia. Lakini katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuona utani ukikaa ndani ya kesi ya wizi kama funza ndani ya kidole, na wenye kidole wote wamenyamaza.

"Haya, nifundishe," alisema kwa sauti ya chini, ambayo waliomfahamu waliiogopa kuliko ile ya juu. "Huku kwenu mtani akichukua kitu cha marehemu, ni mwizi?"

"Mwizi? Hapana, afande! Ni haki yake. Anakaa nacho mpaka wenye msiba waende kukikomboa kwa kuku na unga, watukanane, wacheke, basi."

"Na wasipokwenda?"

"Anakaa nacho. Hawezi kukirudisha mwenyewe. Mtani akirudisha kitu bila kukombolewa, anaita kifo kingine katika nyumba ile."

"Anayetakiwa kwenda kukomboa ni nani?"

"Mdogo wake marehemu."

"Danieli."

"Ndiyo, afande."

Kutoka nyuma, Sempele akasema taratibu, "Mimi siku ya mazishi sikuwepo. Sisi Wamasai maiti hatuisogelei. Nilisikia kwamba mzee amekufa, nikakaa nyumbani."

Inspekta aligeuka mwili mzima. "Kwa nini hukusema hivyo tangu siku ya kwanza?"

"Niliulizwa kama nimeingia katika nyumba ile. Niliingia. Nilikuwa napeleka maziwa."

"Hivi wilaya hii nzima mtu hasemi mpaka aulizwe?" Inspekta alipiga kelele, na ndege wakaruka kutoka kwenye miiba ya kando ya njia. "Kitabu kilionekana mazishini, wewe mazishini hukuwepo, kesi imekwisha! Imekwisha kabla haijaanza! Na mimi nimekula vumbi la njia hii kwenda na kurudi! Twende Kisanga."

Bibi Magreti walimkuta nje ya nyumba yake, ng'ambo ya kijito, mguu mmoja umevimba umenyooshwa juu ya mkeka, anachekecha unga wa yanga, ule wa manjano wa msaada ambao mwaka ule wa ukame ulikuwa ndio chakula cha kila nyumba.

"Shikamoo, mama," alisema Inspekta.

"Marahaba, baba." Kisha akamwona Makarius. "Na wewe ukoo wa vyura bado hujafa? Wimbo wako nimekwisha kuutunga, unanichelewesha tu."

Siku nyingine Makarius, naye mtani wake, angemjibu. Leo alimpa shikamoo kwa sauti ya kanisani.

"Mama," alisema Inspekta, "kitabu cha marehemu Kasiani unacho?"

"Ninacho." Alijibu kama aliyeulizwa kama ana chungu. "Kimo ndani, nimekifunga kanga. Koti na kofia vimo pia. Umetumwa na Danieli? Kuku yuko wapi? Maana nimemngoja mpaka nimechoka. Shemeji yangu Odilia, mjane mwenyewe, amemsihi aje, haji. Nimemtumia watu, anajibu ngoja Operesheni ipite. Msiba unangoja Operesheni?"

"Kuna mtu amefungwa kwa ajili ya kitabu hicho, mama."

Alicheka. Alidhani ni utani. Kisha macho yake yakapita bega la Inspekta, yakafika kwenye gari, kwenye mikono ya Sempele, kwenye pingu. Chekeche likatua mapajani.

"Huyu? Huyu si amefungwa kwa ajili ya mahindi? Mimi mkutanoni siendi, mguu umenikataa. Danieli alipita hapa mwenyewe, akaniambia Mmasai amefungwa kwa sababu ng'ombe wake wamekula shamba la kijiji. Nikasema haya, alipe."

"Amefungwa kwa wizi wa kitabu ulichonacho wewe."

Mama yule aliona aibu, na hakuificha. Alijifunika uso kwa upande wa kanga. Alipofunua, alisema na Sempele, si na polisi. "Mwanangu, nilimchezea ndugu yetu aliyekufa. Wewe sikukukusudia. Roho inaniuma."

"Najua, yeyo," alisema Sempele, akimwita mama kwa lugha yake.

"Nipe kitabu, mama, nikamfungulie mtu huyu," alisema Inspekta. Halafu akakumbuka, akatia mikono kiunoni. "Au nacho hakitoki bila kuku?"

Alifikiri. Mtu angeweza kuiona kazi ile ikifanyika usoni pake. "Kwa marehemu sikirudishi, sitaki kumzika Odilia. Lakini wewe ni serikali. Serikali haifiwi. Nikikupa wewe sijakirudisha kwenye msiba wowote." Akaelekeza mlango kwa kidevu. "Kimo mvunguni. Ingia mwenyewe, mimi nisikiguse."

Inspekta alikifungulia juu ya boneti la gari. Jalada la buluu, pembeni limetafunwa. Ndani, karatasi laini nzito, na rangi ambazo hazikupauka: joka ndani ya mawingu, samaki anayepambana na maji, na katikati ya kitabu, simba yule yule wa kusimuliwa akiwa amekaa kwenye maua yake. Alimwambia Sempele ageuke kwa mara ya mwisho. Mstari kwa mstari vilikuwa sawa, isipokuwa uso. Mgongoni, Kasiani alikuwa amempunguzia simba macho na kumrefusha pua. Alikuwa amemsikiliza mtu aliyewaona simba. Inspekta hakutaka kupendezwa na jambo lolote siku ile, lakini hilo lilimpendeza.

Akaandika maelezo ya Bibi Magreti kwa mkono wake mwenyewe. Makarius alinyoosha mkono kupokea kalamu kama ilivyo desturi. Hakupewa.

Walipokaribia kijijini, Sempele aliinua kichwa kabla ya wenzake kusikia kitu.

"Ng'ombe wangu," alisema.

Walikuwa katika zizi la kijiji, jipya, la miti iliyokatwa wiki ile. Uhamisho ulikuwa kesho, lakini Danieli hakuwa mtu wa kungoja kesho. Wanakijiji walikuwa wamelizunguka wakimalizia kurundika miiba. Nje ya lango, kando, Nashipai alisimama na mtoto mgongoni, na mzee Parit alikaa juu ya ngozi iliyokunjwa, uso ameuelekeza kule mifugo ilikolia. Hakukuwa na mtu aliyewasogelea.

Danieli akaja na tabasamu na mkono mbele. "Ndugu Inspekta! Karibu sana. Umetukuta katika ujenzi wa taifa."

"Ndugu Mwenyekiti, kitabu kimepatikana."

"Tumshukuru Mungu. Kwa Mmasai?"

"Kwa Bibi Magreti."

Danieli hakupepesa hata jicho. "Aa. Kumbe bado anacho."

"Ulijua."

"Nani asiyejua alichochukua mtani?"

"Ulikuja kituoni kwangu ukasema kimeibwa!"

"Hapana, Ndugu Inspekta. Nilisema hakimo ndani ya nyumba. Hakikuwemo. Nilisema huyu alikuwa akiingia na kutoka. Alikuwa akiingia na kutoka. Nilisema pengine anataka amaliziwe mchoro wake. Pengine. Neno wizi mliliandika ninyi."

Inspekta alifungua jalada pale pale, upepo ukipeperusha karatasi, akasoma maelezo yale kwa mwandiko mzuri wa Makarius. Alitaka kulirarua. Kila sentensi ilikuwa kama mtu yule alivyosema.

"Na hawa ng'ombe?"

"Wanatunzwa. Mwenyewe hayupo."

"Hayupo kwa sababu ulinitumia mimi kumwondoa!"

Hapo tabasamu likamtoka Danieli, na alichokisema alikisema kwa uchungu wa kweli. "Walikula mahindi yetu! Shamba zima la Ujamaa, mwaka huu, mwaka wa njaa! Tumekwenda kwa bwana shamba, tumekwenda kwa katibu tarafa, kila mtu anatuambia ngojeni Operesheni. Watoto wetu wanapanga foleni ya unga wa manjano, na yeye anakunywa maziwa! Ulitaka tufanye nini?"

"Ungenishtakia mahindi!" Inspekta alikuwa amekwisha kuishiwa na subira hata ya kujizuia mbele ya watu. "Mahindi ningekuja kuyapima! Nyayo za ng'ombe zipo, shamba lipo, mwenye ng'ombe yupo, kesi ya siku moja! Angelipa! Badala yake umemsingizia mtu kwa kukaa kimya. Kutoa taarifa ya kuwapotosha polisi ni kosa, Ndugu Mwenyekiti, hata kama kila neno lake limepigwa pasi. Leo utalala Kilosa."

"Mimi peke yangu?" aliuliza Danieli.

Swali lile lilimsimamisha Inspekta. Aliwatazama watu waliozunguka zizi. Wanaume na mapanga yao, akina mama na miiba vichwani, mzee wa kanisa, karani wa ushirika. Walikuwa wanamtazama yeye, si Sempele. Tangu wafike hakuna hata mmoja aliyemtazama Sempele.

Siku nzima alikuwa amelalamika kwamba wilaya hii mtu hasemi mpaka aulizwe. Basi akauliza.

"Nani kati yenu alijua kwamba kitabu kiko kwa Bibi Magreti, na kwamba mtu huyu amefungwa kwa ajili yake? Anyooshe mkono."

Ng'ombe mmoja akalia. Kisha mzee wa kanisa, aliyekuwa na umri wa kuona aibu, akainua mkono wake. Akafuata mama mmoja, akitua miiba kwanza. Akafuata karani. Halafu ikawa kama shule: wengine wakitazama pembeni, wengine wakitazama chini, lakini mikono ikapanda upande huu wa zizi na upande ule, mpaka Inspekta akatafuta mtu ambaye mkono wake uko chini na asimwone.

Sempele alikuwa anawatazama. Alikwenda kwa mmoja mmoja kwa macho, bila haraka, kama anayewatambua.

"Makarius," alisema Inspekta, "lete ufunguo wa pingu."

Hakusikia hatua za viatu. Akageuka. Makarius alikuwa amesimama kando ya gari, machozi yanamtoka, na mkono wake nao ulikuwa juu.

"Shamba la dada yangu limepakana na lile, afande," alisema. "Hakuvuna hata debe."

Katika siku nyingine Inspekta angekuwa na maneno, na maneno makali. Sasa alimwendea tu, akaingiza vidole katika mfuko wa shati la kijana yule, akatoa ufunguo mwenyewe. Akamfungua Sempele mkono wa kwanza, kisha wa pili. Pingu akazitia begani, kwa sababu zilikuwa na kazi nyingine.

Sempele hakumshukuru, na Inspekta hakutarajia. Alikwenda hadi langoni, akavuta mti wa juu, akauweka chini. Akavuta wa pili. Danieli alipiga hatua moja, akamtazama Inspekta, akarudi nyuma. Lango lilipokuwa wazi, Sempele alisimama kando akaanza kuwaita ng'ombe wake kwa majina, kila mmoja na jina lake, na mzee Parit kule kwenye ngozi yake akawa anayarudia kwa sauti ndogo, akihesabu. Walitoka wakipita katikati ya wanakijiji, wakigusana nao mabega, na watu wale ilibidi wasogee na mikono yao ikiwa hivyo hivyo hewani. Inspekta alikuwa hajawaambia waishushe, na hakuwa na haraka ya kuwaambia.